Mwongozo kamili wa kuweka rekodi ya pushapu, pulapu au planki: jinsi ya kudumu masaa mengi

Mwaka 1993 Mmarekani Charles Servizio alipiga pushapu 46,001 ndani ya saa 24. Chukua kikokotoo ugawanye, utapata kama 32 kwa dakika, na pushapu 32 ndani ya dakika moja mtu yeyote anayefanya mazoezi mara kwa mara anazipiga fresh tu na anainuka anaongea. Kasheshe ni hizo dakika 1,439 zilizobaki. Ndo maana mimi huwa nasema rekodi za aina hii hazivunjwi na mwenye nguvu kuliko wote, zinavunjwa na mtu anayeweza kujizuia asipige nyingi wakati mwili bado unamruhusu, na kila kitu kilichopo humu chini kinarudi kwenye hiyo pointi, kwahiyo kama wewe ni wa kupenda kuchoma mpaka udondoke kila siku itabidi ubadilike kidogo.

Hatua ya 1: Chagua rekodi moja, sio "zoezi" tu

Kuna za muda maalum, yaani dakika 1, saa 1, saa 12, saa 24, unahesabiwa ngapi umepiga. Kuna za kushikilia mpaka ushindwe, kama planki, yaani kunyoosha mwili juu ya mikono ya mbele na vidole vya miguu bila kusogea. Na kuna za kukusanya kwa muda mrefu, mfano Muingereza Paddy Doyle alipiga pushapu 1,500,230 kati ya Oktoba 1988 na Oktoba 1989, hiyo ni wastani wa kama 4,110 kila siku ya Mungu, sikukuu zikiwemo. Zamani kulikuwa pia na ile ya "bila kusimama", Mjapani Minoru Yoshida alifikisha 10,507 mwaka 1980, ila Guinness, wale wanaosajili rekodi za dunia, waliachana nayo wakabaki na za muda, na kwa kweli ni afadhali maana kubishana kama mtu alipumzika au hakupumzika juu ya mikono hakuna mwisho.

Usichague kwa kupenda tu, angalia na mwili wako. Pulapu, yaani kujivuta juu ukining'inia kwenye chuma, zinamuadhibu mtu mzito vibaya sana, kila kilo unaibeba wewe mwenyewe kila mara. Pushapu zina huruma kidogo kwa sababu sehemu ya uzito iko kwenye miguu, na wenye mikono mifupi wana safari fupi ya kushuka na kupanda. Planki inataka mtu mwenye uvumilivu wa ajabu na mabega mazuri. Na kama hujawahi kabisa, rekodi ya kwanza iwe yako binafsi, mfano pushapu 1,000 ndani ya saa moja. Usidharau, hiyo ni namba ya heshima kabisa na ndo nitakayoitumia kama mfano.

Hatua ya 2: Soma masharti kabla hujaanza mazoezi, sio wiki moja kabla

Watu wanaruka hapa halafu wanalia baadaye. Ukiomba Guinness unafungua akaunti kwenye tovuti yao, unatuma maombi, unasubiri wakubali, ndo wanakutumia masharti ya rekodi yenyewe. Kwa maombi ya kawaida unaweza kusubiri miezi, ukitaka haraka unalipia. Kwahiyo omba mapema ukiwa bado kwenye maandalizi.

Pushapu za rekodi kwa kawaida mwili unatakiwa unyooke muda wote, hakuna kukunja kiuno wala magoti, unashuka mpaka kiwiko kifike angalau nyuzi 90, unapanda mpaka mikono inyooke kabisa. Pulapu unaanza mikono imenyooka na kidevu kinapita chuma. Sasa fikiria umefanya mazoezi miezi mitano ukiwa unapiga zile za nusu nusu, afu siku yenyewe kila moja inatakiwa kamili! Ni zoezi jingine kabisa hilo. Tangu siku ya kwanza piga za kuhesabika, na kila wiki jirekodi seti moja kwa pembeni uangalie kama bado unashuka vizuri, maana mtu akichoka huwa anafupisha bila kujijua na ukimwambia anabisha.

Hatua ya 3: Jipime

Vipimo viwili tu. Cha kwanza, ukiwa umepumzika siku mbili, piga nyingi uwezavyo kwa mkao safi mara moja, andika namba. Cha pili, baada ya siku tatu nne hivi, weka saa dakika 10 na upige kwa seti ndogo ndogo upendavyo uone jumla. Hiki cha pili ndo kinachosema ukweli zaidi. Kuna jamaa anapiga 70 kwa mkupuo lakini kwenye dakika 10 anapata 150 kwa sababu alianza na 60 akafa, na kuna mwingine max yake (nyingi zaidi anazoweza kwa mkupuo mmoja) ni 45 anapata 200 akiwa ametulia. Kwenye rekodi ya saa moja mimi namuwekea pesa huyu wa pili.

Ile namba ya kwanza inakupa ukubwa wa seti yako: kwa saa moja usizidi robo ya max. Kwa masaa mengi shuka zaidi, moja ya kumi mpaka moja ya tano. Ndio, ni chache mno. Zinatakiwa ziwe chache mno.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kasi (hapa ndo rekodi inapopatikana)

Tuseme unataka 1,000 kwa saa moja. Saa ina sekunde 3,600, kwahiyo ukipiga 10 kila baada ya sekunde 36 unapata seti 100, tayari 1,000 kamili. Pushapu 10 zinachukua kama sekunde 10 mpaka 12, unabaki na sekunde 24 za kupumua. Au unaweza kupiga 5 kila sekunde 18, jumla ni ile ile, na watu wengi wanashangaa kwamba hii ya 5 inauma kidogo zaidi mwanzoni kwa sababu ya kuinuka na kurudi chini kila mara lakini mwishoni inawaokoa, jaribu zote mbili kwenye mazoezi uone mwili wako unapenda ipi.

Kwa nini seti ndogo zinasaidia kiasi hicho? Misuli inapofanya kazi kwa muda mfupi inatumia nishati ya haraka iliyohifadhiwa ndani yake, na ile nishati inajirudishia sehemu kubwa ndani ya nusu dakika ukiiacha ipumzike. Ukivuka pale, ukaanza kusikia misuli inawaka moto, umeshaingia kwenye deni ambalo linalipwa kwa dakika kadhaa, na kwenye rekodi huna dakika kadhaa za kugawa. Kwahiyo kanuni ni rahisi: ukisikia moto ndani ya nusu ya kwanza, seti yako ni kubwa, punguza palepale. Usisubiri.

Ukiangalia wakubwa ndo wanavyofanya. Muaustralia Daniel Scali mwaka 2022 alipiga 3,182 kwa saa moja, hiyo ni 53 kwa dakika, kasi ya kutisha, na hata hapo huwezi kuikamilisha kwa kupiga mkupuo mmoja mkubwa mwanzoni. Kwa saa 24 hesabu inabadilika kidogo kwa sababu utakula, utaenda chooni, utakandwa. Ukitaka 10,000 kwa saa 24, usigawanye kwa 24, gawanya kwa 20 uache saa nne za mambo mengine: 500 kwa saa, yaani 5 kila sekunde 36. Ukiiangalia kwenye karatasi unaona kama utani. Subiri ufike saa ya 14.

Pulapu ni kali zaidi. Mwenye max ya 12 apige 2 kila dakika, hapo ana 120 kwa saa, masaa nane ni 960. Asijaribu 4 kila dakika eti kwa sababu nusu saa ya kwanza ilikuwa rahisi.

Hatua ya 5: Maandalizi, wiki 12 mpaka 16

Wiki nne za kwanza kazi ni kuzoesha mwili wingi. Sambaza seti nyepesi siku nzima, asubuhi moja, ukirudi moja, kabla ya kuoga moja, kila moja ikiwa nusu ya max yako au chini, siku nne au tano kwa wiki. Hakuna kuchoka hapa. Misuli inazoea haraka sana, tatizo ni kano na viungo, hizo zinachelewa sana kuzoea, kwahiyo hata kama unajisikia simba usiongeze jumla ya wiki zaidi ya asilimia 10 hivi kutoka wiki iliyopita.

Kuanzia wiki ya tano ingiza kasi ya rekodi. Kwa wiki nafanya hivi na naona inafaa watu wengi: siku moja ya kasi, unapiga kwa mpango wako wa sekunde 36 kwa dakika 15, kila wiki unaongeza dakika tatu hadi tano. Siku moja ya nguvu, seti chache za aina ngumu zaidi, mfano miguu juu ya benchi au ukivaa begi lenye uzito, kwa sababu ukipandisha max kidogo basi ile seti ya 10 inakuwa nyepesi zaidi. Siku moja ndefu wikendi. Katikati siku mbili za kusambaza seti nyepesi na siku mbili za kupumzika kabisa, sio kupumzika kwa kukimbia kilomita 15.

Siku ndefu ndo mazoezi yenyewe ya rekodi, lakini usiifikishe rekodi kamili. Ukiwa unalenga saa moja, ndefu kabisa iwe dakika 45, wiki mbili au tatu kabla. Ukiwa unalenga saa 24, fanya masaa sita, labda nane mara moja, na hiyo moja ifanye usiku uone usingizi unavyokuja kukupiga. Kwenye hizo siku ndefu ndo unajaribu chakula, nguo, viatu, mkeka, mpaka nyimbo, kila kitu, maana siku ya rekodi hakiingii kitu kipya hata kimoja.

Na kila baada ya wiki tatu ngumu, moja punguza nusu. Hapa huwa hawanisikii.

Usisahau upande wa pili wa mwili. Mpiga pushapu avute, angalau nusu ya wingi wake iwe mazoezi ya kuvuta, la sivyo mabega yanavutwa mbele na siku moja unanyanyua mkono kuchukua kikombe unasikia panabana. Mpiga pulapu naye asukume.

Hatua ya 6: Viganja, viwiko na vifundo vya mkono

Mara nyingi mtu anaacha akiwa bado na nguvu ya misuli, ila ngozi au kiungo kimegoma. Mmarekani David Goggins alishindwa rekodi ya pulapu za saa 24 mara mbili mwaka 2012, na viganja vilikuwa sehemu kubwa ya mateso yake, akarudi Januari 2013 akafikisha 4,030 kwa saa 17. Sugu za kiganja zisugue ziwe bapa, usiziache zisimame, kwa sababu ile iliyosimama ndo inayobanwa na chuma na kuchanika na nyama yake. Poda ya mikono tumia kiasi. Chuma kiwe kimefungwa hakichezi hata kidogo, chuma kinachoyumba kinakula nguvu kila ukijivuta.

Maumivu ndani ya kiwiko kwa watu wa pulapu ni ishara ya kano, sio ya uchovu. Ikianza punguza wingi siku hiyo hiyo, badilisha upana wa kushika, na fanya mazoezi ya kushusha taratibu na uzito mdogo kwenye kifundo. Ukiendelea nayo utapoteza miezi. Kwa pushapu, vifundo vya mkono: zungusha vidole kidogo nje, fanya mazoezi kwenye mkeka wa unene uleule utakaotumia, na usitumie vishikio vya pushapu kama masharti hayaruhusu.

Planki ni habari nyingine kabisa

Mmarekani George Hood alishika saa 8 dakika 15 na sekunde 15 mwezi Februari 2020, akiwa na miaka 62. Mwaka 2021 Scali, yule yule wa pushapu, akashika 9:30:01 huku akiwa na ugonjwa wa maumivu sugu kwenye mkono wa kushoto. Mcheki Josef Šálek akapandisha mpaka 9:38:47 mwaka 2023. Na mwaka 2024 mama mmoja wa Kanada, DonnaJean Wilde, miaka 58, alishika 4:30:11, rekodi ya wanawake. Angalia hizo umri vizuri halafu uniambie kama kuna mtu ameshachelewa.

Hapa hakuna seti, hakuna kupumzika, mikono ya mbele na vidole vya miguu tu vinagusa chini, mwili umenyooka. Ukishusha nyonga au ukigusa goti imeisha. Kwahiyo mazoezi yake ni ya kukusanya muda: leo dakika 3 mara tano, wiki ijayo 4 mara tano, na mara moja kwa wiki moja ndefu bila kufika mwisho, ukiacha pale mkao unapoanza kuharibika. Ukiweza dakika 10 safi mwili umeshajua kazi, kutoka hapo ni kichwa na viwiko. Viwiko vinachubuka na mishipa ya fahamu inayopita pale inabanwa, vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi. Mkeka mzuri, uzito unauhamisha taratibu sana bega hili na hili bila kuvunja mstari, pumzi fupi fupi. Ganzi ikibaki mpaka kesho yake, pumzika wiki nzima. Na swali ambalo kila mtu anaona aibu kuuliza: hapana, chooni huendi. Ndo maana kunywa kwa akili kuanzia jioni ya jana yake.

Hatua ya 7: Siku 10 za mwisho na siku yenyewe

Siku 10 kabla kata wingi nusu, siku nne za mwisho karibu usifanye kitu, seti kadhaa nyepesi tu za kukumbusha. Utajiona umelegea, utataka kujipima. Usijipime. Siku mbili za mwisho ongeza wanga kwenye chakula, lala mapema, kata kucha.

Kwa rekodi ya saa moja chakula sio ishu, kula masaa matatu kabla basi. Kwa masaa mengi lenga gramu 30 mpaka 60 za wanga kila saa kidogo kidogo, kitu laini ambacho tumbo lako limeshakizoea, maji kwa kiu, na chumvi. Kunywa maji matupu mengi kupita kiasi masaa yote ni hatari, chumvi ya damu inashuka na mtu anaanza kuchanganyikiwa. Kafeini ihifadhi, usiimalize saa ya tatu. Kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri mwili unataka kulala hata ufanyeje, hapo ndo uitumie, na hapo ndo unahitaji mtu wa kukuongelesha.

Timu sio anasa. Mmoja wa saa na kasi, anakuambia "piga" na "acha", kwa sababu wewe utaharakisha. Mmoja wa chakula. Mashahidi peke yao, wasifanye kazi nyingine. Na mtu wa afya awe karibu kama ni masaa mengi.

Saa ya kwanza itakuwa rahisi mpaka uone aibu mbele ya watu. Wataanza kusema "ongeza, bado una nguvu". Wasikilize kwa heshima, endelea na mpango. Ukifika robo ya mwisho na bado uko safi, ongeza moja kwa kila seti, sio tano.

Hatua ya 8: Ushahidi

Inauma sana kupiga namba halafu wakaikataa kwa sababu betri ya kamera iliisha. Kamera mbili, moja pembeni kabisa inayoonyesha kiwiko na kiuno, moja mbele, video isiyokatwa, saa kubwa inaonekana ndani ya picha muda wote, zote zimechomekwa kwenye umeme na kadi zina nafasi. Mashahidi wawili wasio ndugu wala rafiki zako, kwa zamu fupi kwenye rekodi ndefu maana nao wanachoka, kila mmoja na kaunta ya kubonyeza. Namba iandikwe kila baada ya muda fulani kwenye karatasi na isainiwe. Zisizokamilika zisihesabiwe, kwahiyo panga kupita rekodi kwa asilimia 3 mpaka 5, ndo bima yako wakianza kuchambua video.

Lini uache

Kuungua kwa misuli na kutetemeka ni kawaida. Hizi sio kawaida: maumivu makali ya ghafla sehemu moja, kifua kubana, kuchanganyikiwa, kutapika kusikoisha, misuli kuvimba ikawa migumu, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kola. Huo mkojo ni dalili ya rabdomaiolisisi, misuli imevunjika kiasi cha kumwaga vitu vyake kwenye damu na figo zinazidiwa, unaenda hospitali muda huo huo, sio kesho, na usisubiri maumivu yazidi. Inawapata sana watu waliorukia wingi mkubwa bila zile wiki za maandalizi, hata vijana wenye afya. Na dawa za maumivu kama ibuprofeni usizinywe ili umalize rekodi, zinaongezea figo mzigo zikiwa tayari kwenye shida.

Ukimaliza usilale chini palepale, tembea dakika kumi, kula, kunywa, angalia mkojo kwa siku mbili tatu. Wiki ya kwanza hakuna zoezi hilo kabisa, ya pili na ya tatu nyepesi. Video zihifadhi sehemu mbili tofauti usiku ule ule kabla hujalala, karatasi za mashahidi zipige picha, halafu tuma kila kitu ndani ya wiki hiyo wakati mashahidi bado wanakumbuka na bado wanapokea simu zako.